Homoni kwenye nyama: Jicho la mnunuzi halizioni, maabara huzinasa

Kila anayenunua nyama ya familia ana vipimo vyake. Anaangalia rangi, ananusa, anabonyeza kwa kidole aone kama mnofu unarudi. Mzoefu hutambua nyama ya ng'ombe mzee kabla haijakatwa, na anajua bucha ambalo jokofu lake huzimwa usiku ili kubana umeme. Vipimo hivyo vina kazi yake na vimeokoa matumbo mengi.

Lakini kuna kitu ambacho hakina rangi, harufu wala ladha, nacho ni mabaki ya homoni na dawa za kunenepesha mifugo. Nyama yenye mabaki hayo inaweza hata kuvutia zaidi buchani, kwa sababu ina mnofu mwingi na mafuta kidogo.

Nchi zilizopiga marufuku homoni hizo zimelazimika kutegemea maabara. Historia ya maabara hizo inaonyesha jambo moja ambalo familia yoyote inayokula nyama inapaswa kulijua: marufuku ya kwenye karatasi haimlindi mlaji. Kinachomlinda ni mtu anayekwenda kuchukua sampuli, na mashine inayoweza kuisoma sampuli hiyo.

Homoni zinafanya nini kwa ng'ombe?

Homoni si sumu kwa jina lake. Kila mnyama anazo, na binadamu pia. Estrojeni na testosteroni ndizo zinazoamua nani ataota ndevu na nani atanyonyesha, na pia zinaamuru mwili uweke misuli kiasi gani. Mfugaji anapomwongezea mnyama homoni hizo, mnyama hupata mnofu haraka kwa chakula kilekile. Njia inayotumika sana ni kupandikiza vidonge vidogo chini ya ngozi ya sikio. Wengine huchoma sindano au kuchanganya dawa kwenye chakula.

Dunia haikubaliani kuhusu jambo hili. Marekani inaruhusu homoni sita kwa ng'ombe wa nyama, kwa masharti, lakini haziruhusiwi kwa kuku wala nguruwe. Umoja wa Ulaya umezikataza zote kwa kunenepesha mifugo. Mvutano huo ulifika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 1999 Marekani ilipata kibali cha kuziwekea bidhaa za Ulaya ushuru wa adhabu wenye thamani ya dola milioni 116.8 kwa mwaka.

Wanasayansi wanaweza kubishana kuhusu dozi ndogo iliyopimwa na kusimamiwa. Dawa ya magendo haina ubishi huo. Hakuna anayejua ni kemikali gani, imetiwa kiasi gani, imechomwa sehemu gani ya mwili, wala ni siku ngapi zilipita kabla ya mnyama kuchinjwa.

Watoto ndio walioamsha Ulaya

Mwaka 1977, katika shule moja ya jijini Milan, Italia, watoto wadogo walianza kuvimba matiti, wavulana kwa wasichana. Madaktari waliopima damu yao walikuta baadhi wakiwa na kiwango kikubwa cha estrojeni kuliko watoto wa umri wao. Nyama ya ng'ombe na ya kuku iliyoletwa bila udhibiti ilitiliwa shaka. Hata hivyo, sampuli za chakula cha shule zilipopimwa, homoni haikuonekana. Tuhuma zikabaki tuhuma.

Miaka mitatu baadaye, ushahidi ukapatikana. Mwaka 1980, maabara za Italia zilikuta kemikali iitwayo DES kwenye vyakula vya kopo vya watoto wachanga vilivyotengenezwa kwa nyama ya ndama.

DES ilikuwa na sifa mbaya tayari. Ni estrojeni ya kutengenezwa, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1938. Kwa miaka mingi wajawazito walipewa wakiamini itazuia mimba kuharibika. Mwaka 1971, madaktari wa Boston, Marekani, walitoa taarifa kwamba wasichana waliozaliwa na mama waliotumia dawa hiyo walikuwa wakipata saratani ya uke ya aina adimu sana. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya madaktari wasiwape wajawazito. Kwa mifugo, Marekani iliifungia kabisa mwaka 1979.

Kwa hiyo mzazi wa Ulaya aliposikia DES imo kwenye kopo la mtoto, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Walaji wa nchi kadhaa waliacha kununua nyama ya ndama. Mwaka 1981, Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku DES na jamaa zake, na kuanzia mwaka 1988 marufuku ikahusu homoni zote za kunenepesha.

Mkaguzi aliyelipa kwa uhai wake

Sheria ilipatikana, lakini faida nayo haikuondoka. Ng'ombe aliyenenepeshwa kwa siri alimwingizia mwenye mali fedha zaidi, na wauza dawa wa magendo wakajitokeza kuhudumia soko hilo. Nchini Ubelgiji biashara hiyo ilikua kiasi kwamba magazeti yaliiita mafia ya homoni.

Karel Van Noppen alikuwa daktari wa mifugo na mkaguzi wa serikali katika nchi hiyo. Kazi yake ilikuwa kwenda mashambani na machinjioni, kuchukua sampuli, kuzipeleka maabara na kuwafikisha wahusika kwenye sheria. Alijulikana kwa kutokubali rushwa na kutoogopa vitisho. Tarehe 20 Februari 1995, alipigwa risasi na kufa karibu na nyumbani kwake, katika kijiji cha Wechelderzande. Mwaka 2002, mahakama ya Antwerp iliwatia hatiani watu wanne kwa mauaji hayo.

Kifo hicho kiliwashtua Wabelgiji. Wengi walikuwa wakidhani homoni ni suala la wafugaji na madaktari wao, na sasa waliona kwamba kuna watu walio tayari kuua ili mkojo wa ng'ombe usifike maabara. Mwaka uliofuata, Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya zilizoitaka kila nchi mwanachama kuwa na mpango wa kila mwaka wa kupima mabaki ya dawa kwenye mifugo. Nchi za nje zinazotaka kuuza nyama huko nazo zilitakiwa kuonyesha mpango wa namna hiyo.

Ndani ya maabara

Sampuli huchukuliwa sehemu mbili. Shambani, mkaguzi huchukua mkojo, manyoya, chakula cha mifugo na maji wanayokunywa. Machinjioni huchukua ini, figo, kipande cha mnofu, na wakati mwingine jicho. Kila sampuli huwekwa kwenye chombo kinachofungwa kwa lakiri na kupewa namba, ili kesi ikifika mahakamani asitokee mtu wa kudai kwamba ilibadilishwa njiani.

Maabara huanza na kipimo cha haraka na cha bei nafuu, ambacho kazi yake ni kutenga sampuli zinazotia shaka. Zile zenye shaka ndizo zinazopelekwa kwenye kipimo cha uthibitisho, ambacho ni cha gharama na huchukua muda.

Kwa sampuli ya mkojo, kazi ya kwanza ni kuifungua homoni. Mwili unapotaka kuitoa homoni nje, huifunga na aina ya sukari ili iyeyuke kwenye maji. Kuitenganisha na sukari hiyo, wataalamu hutumia kimeng'enya, na kinachotumika sana hutoka kwenye tumbo la konokono, yule mkubwa anayeliwa Ulaya. Baada ya hapo mkojo hupitishwa kwenye vichujio kuondoa uchafu, kisha kemikali zilizobaki hutenganishwa moja moja, kama doa la wino linavyojigawa rangi kwenye karatasi iliyolowa.

Mwisho ni mashine ya kupima uzito wa molekuli. Inaivunja kila kemikali na kupima vipande vyake. Kila kemikali huvunjika kwa namna yake, hivyo vipande hivyo hufanya kazi kama alama za vidole. Maabara haitoi jibu la kumtia mtu hatiani mpaka vipande vya kutosha vilingane.

Umakini wa mashine hizi ni mkubwa. Zinaweza kuona sehemu moja katika bilioni moja, na hata chini ya hapo. Ni sawa na kutia gramu moja ya chumvi kwenye magunia 10,000 ya unga, kila gunia kilo 100, halafu mtu akachota unga na kusema chumvi imo.

Wajanja nao hawalali

Tatizo ni kwamba wanaovunja sheria husoma mbinu za maabara na kujipanga upya. Maabara zilipoanza kuinasa DES kwa urahisi, baadhi yao walihamia kwenye homoni za asili kama testosteroni na estradioli. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ng'ombe ana homoni hizo tangu kuzaliwa, nani atathibitisha kwamba hizi ni za kuchomwa?

Jibu lilipatikana kwenye kaboni. Kuna kaboni nyepesi na kaboni nzito kidogo. Homoni za kiwandani nyingi hutengenezwa kwa kutumia soya, na huwa na kaboni nyepesi kidogo kuliko zile zilizotengenezwa na mwili wa mnyama mwenyewe. Maabara huilinganisha homoni na kemikali nyingine za mwili wa ng'ombe huyohuyo. Zikitofautiana, homoni ilitoka nje.

Manyoya nayo husaidia. Homoni nyingi za sindano hufungwa kwenye kemikali iitwayo esta ili zitoke polepole mwilini. Testosteroni yenye esta ya kiwandani haitengenezwi na mwili wa ng'ombe. Ikikutwa ndani ya unyoya, mwenye ng'ombe hana pa kujificha, hata kama mkojo umeshakuwa safi.

Wengine waliachana na homoni na kukimbilia klenbuteroli, dawa ya kutanua njia za hewa ambayo huongeza misuli na kupunguza mafuta. Mnyama akiachishwa dawa hiyo siku chache kabla ya kuchinjwa, mkojo na mnofu husafika mapema. Lakini dawa hiyo hung'ang'ania kwenye rangi nyeusi iliyo ndani ya jicho, na hukaa huko muda mrefu. Ndiyo sababu mkaguzi hubeba jicho.

Mbinu nyingine ni kuchanganya dawa nyingi, kila moja kwa kiasi kidogo sana, kwa matumaini kwamba hakuna hata moja itakayofikia kiwango cha kuonekana. Maabara zimejibu kwa mashine zinazotafuta kemikali nyingi kwa mara moja.

Pale maabara ilipochelewa

Madhara ya kuchelewa yameshaonekana kwenye meza za watu. Nchini Hispania, kati ya Machi na Julai 1990, watu 135 waliugua baada ya kula maini ya ng'ombe yenye klenbuteroli. Mwaka huohuo watu 22 waliugua nchini Ufaransa kwa sababu hiyohiyo. Dalili zilikuwa kutetemeka, moyo kwenda mbio, wasiwasi na maumivu ya kichwa, na kwa wengi zilianza saa chache tu baada ya mlo. Kuchemsha hakukusaidia, kwa kuwa klenbuteroli haiharibiki kwa joto la maji yanayochemka.

Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya wanamichezo. Kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Mexico, wachezaji 109 kati ya 208 waliopimwa walikutwa na chembe za klenbuteroli. Vijana hao walitoka nchi mbalimbali na hawakuwa wamekubaliana kutumia dawa. Walikula nyama ya nchi mwenyeji. Katika mwaka huo pia, televisheni ya taifa ya China ilifichua wafugaji waliokuwa wakiwalisha nguruwe dawa hiyo, ambayo huko huitwa unga wa nyama nyekundu isiyo na mafuta.

Kwa Mexico, wachezaji waliliwa mkojo kwa sababu ya kanuni za michezo, na ndipo siri ya nyama ikatoka. Mama wa mtaani aliyenunua nyama hiyohiyo hakuwa na wa kumpima.

Hapa kwetu hofu iko wapi?

Afrika Mashariki, mazungumzo ya homoni kwenye nyama karibu yote huishia kwa kuku wa kisasa. Wapo wanaoamini kuku hao huchomwa homoni, na kwamba ndiyo sababu wasichana wa siku hizi huvunja ungo mapema. Hofu hiyo inaeleweka, kwani kuku anayekua kwa wiki tano au sita anashangaza. Lakini ukuaji huo unatokana na uteuzi wa mbegu uliofanywa kwa miongo mingi, pamoja na chakula chenye protini nyingi. Homoni ya ukuaji ni protini. Kuku akiimeza, tumbo huisaga kama chakula kingine. Kumchoma sindano kuku mmoja mmoja, tena mara kwa mara, katika banda la kuku maelfu ni hasara tupu.

Kinachostahili hofu kwenye kuku ni dawa, hasa antibayotiki. Kila dawa ya mifugo ina siku za kusubiri kabla ya mnyama kuchinjwa au mayai yake kuuzwa. Mfugaji mwenye haraka ya fedha asipozisubiri, mabaki ya dawa huingia jikoni, na vijidudu huzidi kujifunza kuzishinda dawa hizo.

Uganda imeshapata fundisho lake. Mwaka 2023, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba kuna wafugaji wanaowapa nguruwe na kuku dawa za ARV ili kuwatibu na kuwanenepesha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa wameshakuta mabaki ya dawa hizo kwenye nyama ya sokoni. ARV si homoni, lakini hadithi ni ileile: mnunuzi hakuona kitu, maabara iliona.

Kwa Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, na uchunguzi wa kimaabara wa mifugo ni kazi ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Mlaji anapaswa pia kuelewa muhuri anaouona kwenye paja la ng'ombe buchani. Muhuri huo una maana kubwa: mkaguzi amemwangalia mnyama kabla na baada ya kuchinjwa, na hakuona dalili za kifua kikuu, minyoo ya tegu au ugonjwa mwingine unaoonekana kwa macho. Lakini hausemi lolote kuhusu homoni wala dawa, kwa sababu hizo hazionekani kwa macho.

Familia ifanye nini?

Kwanza, nyama inunuliwe kwenye bucha lenye muhuri wa mkaguzi. Nyama ya kuchinjwa vichochoroni haijapita kwa mkaguzi, na hakuna anayeweza kufuatilia ilikotoka.

Pili, familia isiache maini kwa hofu. Maini ni chanzo kizuri cha madini ya chuma, hasa kwa mama na watoto. Lakini ini ndilo linalochuja dawa, kwa hiyo ni vyema yanunuliwe kwa muuzaji anayejulikana, na yabadilishwe na maharage, dagaa, mayai na mboga za majani badala ya kuliwa kila siku.

Tatu, mtoto wa kike akianza kuota matiti kabla ya miaka minane, au wa kiume akionyesha dalili za kubalehe kabla ya miaka tisa, apelekwe kwa daktari. Kumlaumu kuku na kukaa nyumbani kunaweza kuficha tatizo la tezi ambalo lina tiba.

Nne, mwenye banda la kuku au ng'ombe wa maziwa nyumbani anunue dawa kwenye duka la mifugo lililosajiliwa, aandike tarehe aliyotoa dawa, na azihesabu siku za kusubiri bila kujidanganya. Mara nyingi wa kwanza kula mayai na kunywa maziwa hayo ni watoto wake.

Tano, ikiwa watu zaidi ya mmoja katika nyumba wataanza kutetemeka na moyo kwenda mbio saa chache baada ya kula nyama au maini, waende hospitali bila kuchelewa na wamweleze daktari walichokula, wakati gani na kilinunuliwa wapi. Nyama iliyobaki isitupwe na isiliwe. Iwekwe kwenye mfuko safi, ifungwe na kugandishwa, kisha ofisa afya wa kata apewe taarifa. Bila kipande hicho maabara haina cha kupima, na buchani nyama itaendelea kuuzwa kwa majirani.